Dhahabu mbili za Hanang nilizoziruka

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika, wengine mmedhani nimepata kazi ya maana. Hapana, bado niko kwenye dawati la michezo la gazeti lile lile, naandika habari za misuli ya paja ya mawinga. Leo nimerudi kwa sababu nina kosa la kuungama, na gazetini halikupata nafasi. Ilikuwaje likakosa nafasi, nitaeleza mwishoni.

Mnakumbuka Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo sambamba na Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuchukua dhahabu katika mashindano hayo kabla yake. Asubuhi ile mhariri akaja mezani kwangu akasema: "Bwana mdogo, nataka historia. Kutoka Akhwari mpaka Simbu. Maneno mia nane, saa kumi niwe nayo."

Nikaandika. John Stephen Akhwari, Mexico 1968. Filbert Bayi, Christchurch 1974. Bayi tena na Suleiman Nyambui, medali za fedha za Olimpiki, Moscow 1980. Juma Ikangaa, New York 1989. Halafu nikaruka moja kwa moja hadi kwa Simbu. Saa kumi kasorobo kazi ikawa mezani. Jamaa wa dawati la siasa alinipigia makofi, nami nikajiona msomi.

Jioni simu ikaita. Mjomba wangu wa Dongobesh, mwalimu mstaafu, mtu ambaye hapigi simu ila kuna msiba au ng'ombe kazaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nimesomewa gazeti lako. Gidamis yuko wapi?"

"Gidamis yupi?"

Kimya. Nilidhani mtandao umekata. Kisha akasema, taratibu, kama anayezungumza na mtoto wa darasa la pili aliyesahau daftari: "Krismasi uje nyumbani." Akakata.

Sasa niwaambie kwa nini kimya kile kiliniuma. Upande wa mama mimi ni mtu wa Mbulu. Nimezaliwa na kusomea Dar, lakini likizo zangu nyingi za utotoni zilikwisha Dongobesh, kwenye baridi na vitunguu saumu. Na michezo ndiyo kazi yangu. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza winga Saimon Msuva amepita wapi, nitakutajia bila kufungua macho: Yanga, Difaâ El Jadida, Wydad Casablanca, Al-Qadsiah, JS Kabylie, Al-Najma, Al-Talaba ya Iraq. Nitakwambia alifunga la kwanza siku tulipoifunga Uganda 3-0, Machi 24, 2019, tukarudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Mimi mwenyewe nilikuwa winga shuleni. Kila mtoto mwenye asili ya Mbulu anayesoma Dar hupangwa winga, mwalimu wa michezo hana hata haja ya kumwona akigusa mpira. "Nyie si ndio wakimbiaji?" Nilikuwa na mbio, krosi zangu ziliishia kwenye paa la maabara.

Yaani kazi nzima ya winga mmoja naijua kwa kituo, kama kondakta wa daladala. Lakini Gidamis Shahanga wa Hanang, ambaye kati ya medali zote 6 za dhahabu ambazo Tanzania imewahi kupata katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi Birmingham 2022 mbili ni zake, sikuwa namjua. Nilikuwa nimelisikia jina, kama mtu anavyolisikia jina la mtaa asioishi. Sita tu jamani, kwa zaidi ya miaka 50: Bayi 1974, Shahanga 1978, Shahanga 1982, bondia Michael Yombayomba 1998, Francis Naali 2002, Samson Ramadhani 2006. Hakuna mwingine aliyerudia. Na mimi nikaandika maneno mia nane ya historia nikamruka.

Basi Desemba nikapanda basi.

Kabla sijafika kwa Gidamis, lazima nipite kwa Akhwari, kwa sababu barabara yenyewe inapitia kwake. Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Oktoba 20, 1968 alikuwa mmoja wa wakimbiaji 75 walioanza marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, meta 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu wengi wanadhani mtu wa nyanda za juu kama Mbulu hawezi kusumbuliwa na hali ile. Alisumbuliwa. Misuli ilimkaza, na karibu na kilometa ya 19, wakimbiaji walipokuwa wakigombea nafasi, alianguka vibaya, akaumia goti na bega. Abebe Bikila mwenyewe, bingwa wa Olimpiki mbili zilizotangulia, aliacha mbio siku hiyo. Jumla ya waliomaliza ni 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeingia, watu wengi wameshaondoka, goti limefungwa bendeji, akichechemea. Saa 3:25:27. Alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Hiyo mnaijua. Kila mtu anaijua, hata wahubiri na wauza bima. Na mnaijua kwa sababu moja kubwa: kulikuwa na kamera. Mtengeneza filamu wa Marekani, Bud Greenspan, aliifanya hadithi ile izunguke dunia. Mwaka 1983 Akhwari alipewa nishani ya shujaa wa taifa, mwaka 2000 alialikwa Olimpiki ya Sydney, na mwaka 2008 mwenge wa Beijing ulipopita Dar es Salaam alikuwepo. Anastahili yote. Sina neno.

Ila hebu tazama hili dogo, ambalo mjomba alinionyesha na kidole cheusi cha chaki juu ya kitambaa cha meza. Miaka miwili baada ya Mexico, Akhwari alikwenda Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, akawa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2:15:05. Wa tano katika mbio ambazo Mwingereza Ron Hill alishinda kwa 2:09:28! Huyo ndiye Akhwari halisi, mkimbiaji wa daraja la juu. Umewahi kuonyeshwa Akhwari wa Edinburgh? Mimi sijawahi. Tumemchukua mtu wa kasi tukamfanya mtakatifu wa kuchechemea. Kwa hiyo hata yule tunayemkumbuka, tunamkumbuka siku yake mbaya tu.

Mjomba ana maneno makali kuhusu jambo hili. Anasema nchi yetu inawapenda wa mwisho. Nilimbishia. Akaniuliza: "Goli la Peter Tino kule Ndola unalijua?" Naam, nani asiyelijua? Agosti 1979, sare ya 1-1 na Zambia, tiketi ya kwenda Lagos. "Lagos tulikuwa wa ngapi?" Nikacheka. Kombe la Mataifa ya 1980: tulifungwa 3-1 na Nigeria, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Wa mwisho kwenye kundi. Mabao mawili ya Thuwein Ally yanasimuliwa vijiweni hadi leo. "Sasa," akasema, "mwaka mmoja kabla ya Ndola, nani alichukua dhahabu?"

Turudi basi nyuma, Agosti 1978, Edmonton, Kanada.

Wakati ule mkoa wa Manyara haukuwepo. Ulizaliwa mwaka 2002, ukitoka Arusha. Zamani zaidi Hanang na Karatu zote zilikuwa ndani ya wilaya kubwa ya Mbulu, ndiyo maana hata Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, wazee wa huku wanamhesabu wao. Lakini Hanang ni dunia nyingine kidogo. Mbulu ni ya Wairaqw, wakulima wa milimani. Hanang, pale chini kuuzunguka mlima wa meta 3,420 hivi, ni nchi ya wafugaji Wabarbaig, tawi la Wadatoga. Mtu wa huku akisikia jina linaloanza na "Gida" hana haja ya kuuliza kabila, ni jina la mwanamume wa Kidatoga. Wazee wetu na wazee wao walipigania ng'ombe kwa vizazi, na huko mjini wengi mnawaita kwa lile jina walilopewa na Wamasai, lenye maana ya adui. Mnalitumia bila kujua. Mjomba wangu, Mwiraqw kamili, ndiye aliyenipigia simu kumdai Mdatoga. Nalitaja hilo kwa sababu si jambo dogo.

Gidamis Shahanga alizaliwa Septemba 4, 1957. Siku ya marathoni ya Edmonton alikuwa bado wiki tatu na kitu kufikisha miaka 21. Wenyeji walikuwa na mtu wao, Jerome Drayton, aliyekwisha kukimbia saa 2:10:09 huko Fukuoka mwaka 1975. Ilikuwa kwao, barabara zao, watu wao pembeni. Shahanga alimaliza kwa saa 2:15:39.8. Drayton alifuata zaidi ya nusu dakika nyuma, na wa tatu alikuwa Mkanada mwingine, Paul Bannon.

Saa 2:15:39.8. Unaona? Akhwari alikimbia haraka zaidi ya hapo Edinburgh akawa wa tano. Mchezo huu hauna haki, na marathoni si suala la saa peke yake. Ni siku, joto, barabara, na nani yuko kando yako kilometa ya 35. Kijana wa miaka 20 aliwashinda Wakanada wawili kwao, akawa Mtanzania wa kwanza kushinda marathoni ya Madola. Bayi naye alikuwa kule kule, akapata fedha ya mita 1,500, nyuma ya Mwingereza David Moorcroft. Bayi yule yule aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya 3:32.2 kule Christchurch, na ambaye Montreal 1976 ilimpita kwa sababu nchi za Afrika zilisusia Olimpiki baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda Afrika Kusini ya makaburu.

Sasa hapa ndipo historia inapokuwa na mchezo wake, na naomba univumilie kidogo kwa sababu hili ndilo lililoninyima usingizi Dongobesh. Wakati kijana wa Hanang anawakimbiza Wakanada Edmonton, Wakanada walikuwa Hanang. Sitanii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilikuwa linafungua mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu. Yalikuja kufika mashamba 7, jumla ekari kama 100,000. Matrekta, mashine za kuvunia, mbegu, wataalamu, vyote vilitoka katika nchi ile ya ngano ambayo Edmonton ni mji wake mmoja mkubwa. Ardhi yenyewe ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao yalikuwa humo. Ngano ilikwenda mjini ikawa mkate wetu. Wafugaji walisukumwa pembeni, na miaka ya 1980 wakaenda mahakamani, kesi zilizosomwa sana baadaye na wanafunzi wa sheria. Wewe msomaji uliyesoma Mlimani kitivo cha sheria huenda umefanya mtihani juu yake.

Sisemi Gidamis alikimbia kwa ajili ya malisho. Sijui alikuwa na nini kichwani kilometa ya 35, na sitamwekea maneno mdomoni. Nasema tu kwamba mwaka ule ule, katika nchi ile ile, kulikuwa na habari mbili za Hanang na Kanada, na sisi waandishi hatukuziweka meza moja.

Kwa nini dhahabu ile haikukaa kichwani kwetu? Mjomba anakumbuka alivyoisikia. Alikuwa darasa la sita. Redio ya mwalimu mkuu ilisema, na mwalimu mkuu akatoka nje akawaamuru wote wakimbie kuuzunguka uwanja mpaka yeye achoke kuwatazama. Redio tu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Hakuna aliyemwona Gidamis akikata utepe, hakuna picha ya kurudia kila Desemba 9. Na mwishoni mwa Oktoba, miezi miwili na nusu baada ya Edmonton, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera. Kuanzia hapo redio ilikuwa na habari moja. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, Agosti Peter Tino akafunga Ndola, na nchi iliyochoka vita ikapata kitu cha kuimba. Nani angemkumbuka mkimbiaji?

Naye hakukaa kusubiri kukumbukwa. Aliingia katika lile kundi la Watanzania waliokwenda chuo kikuu cha Texas kule El Paso, mpakani na Mexico, akina Nyambui na Zakaria Barie. Chuo kile kilikusanya wakimbiaji wa Afrika kikatawala mbio za nyika za vyuo vya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Leo winga akisajiliwa Morocco tunaandika wiki nzima, tunajua hadi mshahara wa kubuni. Hawa walikwenda miaka ile kimya kimya.

Moscow 1980 alikimbia marathoni, hakupata medali. Halafu ikaja Brisbane, 1982.

Brisbane ndiyo kilele chake, na ndiyo inayonitia hasira zaidi. Mita 10,000, mizunguko 25. Mzunguko wa mwisho Watanzania wawili walikuwa wanapigania dhahabu wao kwa wao: Shahanga 28:10.15, Barie 28:10.55. Mwingereza Julian Goater wa tatu, sekunde 6 nyuma. Dhahabu na fedha, Tanzania na Tanzania. Nimejaribu kuwaza kitu cha kulinganisha nacho katika mpira nikashindwa. Labda fainali ya Afrika kati ya Simba na Yanga, ikichezwa Sydney.

Mtu mwenye busara angepumzika. Siku chache tu baadaye Shahanga akasimama tena kwenye mstari, safari hii marathoni, kando ya Juma Ikangaa. Wawili hao walitoka kama wamefukuzwa. Waliwaacha wengine wote, pengo likawa kubwa hadi wengi wakaamini mbio zimekwisha. Nyuma yao alikuwa Robert de Castella, Mwaustralia, kwao. De Castella akaanza kulipunguza pengo kidogo kidogo, akamfikia Shahanga, akampita, akamfikia Ikangaa, wakabadilishana uongozi mara kadhaa, mwishowe akashinda kwa saa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30 ya Ikangaa. Waaustralia wanaihesabu mbio ile kati ya siku kubwa za michezo yao. Huko Gidamis yumo. Yumo kama mgongo unaofikiwa. Alimaliza wa sita.

Ndiyo kusema dunia inamwona siku aliyopitwa, na siku aliyoshinda haimwoni. Akhwari na Shahanga, mmoja wa Mbulu na mwingine wa Hanang, yamewapata yale yale.

Mwaka uliofuata, 1983, yalifanyika mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya riadha, Helsinki. Fainali ya mita 10,000 ilimalizwa na watu watano kwa pamoja, kama daladala zinazogombea abiria Ubungo. Alberto Cova wa Italia 28:01.04, kisha Wajerumani Mashariki wawili, Schildhauer na Kunze, kisha Mfini Martti Vainio, kisha Shahanga 28:01.93. Chini ya sekunde moja kati ya wa kwanza na wa tano! Simbu tulimshangilia kwa sekunde 0.03, na tulifanya vizuri. Miaka 42 kabla yake Mtanzania alikosa dhahabu ya mashindano hayo hayo kwa sekunde 0.89. (Yule Vainio aliyekuwa mbele yake, mwaka uliofuata alinyang'anywa medali ya fedha ya Olimpiki ya Los Angeles kwa kutumia dawa. Basi tu.)

Los Angeles 1984 Shahanga alikuwepo, medali haikuja. Lakini mwaka huo huo alishinda marathoni ya Rotterdam kwa saa 2:11:12. Ukiangalia orodha ya washindi wa Rotterdam utaona kitu kizuri. 1983, Robert de Castella. 1984, Gidamis Shahanga. 1985, Carlos Lopes, aliyeweka siku hiyo rekodi ya dunia ya 2:07:12. Yuko katikati ya majina hayo mawili. Australia wana kumbukumbu zao za mmoja, Ureno wana za mwingine. Mwaka 1990 akiwa na miaka 32 alishinda marathoni ya Vienna. Kutoka Edmonton hadi Vienna ni miaka 12 ya kuwa mtu wa juu. Niambieni winga gani wa Bongo amekaa juu miaka 12.

Siku ya pili baada ya Krismasi mjomba alisema tukaone Katesh. Tulipanda Noah kutoka Dongobesh, watu kumi na mmoja na mbuzi mmoja, tukapita Bashnet, tukateremka ukingo hadi Dareda masikio yakiziba, tukabadilisha gari kwenye lami ya Singida, tukapita Endasak. Mlima ulikuwa umevaa wingu mpaka kiunoni. Katesh bado ina alama za tope la Desemba 3, 2023, lile lililoshuka mlimani likaua watu zaidi ya 80. Nilikuwa nimetumwa kuripoti maafa yale. Siku tatu nilitembea mji ule na daftari, nikahesabu nyumba na majeneza, na hakuna wakati wazo lilinijia kwamba mji huu una kitu kingine cha kuandikwa. Nakiri hilo pia, maadamu nimeshaanza kuungama.

Kwenye mgahawa karibu na stendi mjomba alimkuta rafiki yake, mzee wa Kidatoga aliyefundisha naye zamani. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa ni mwandishi wa habari za michezo. Mzee akakoroga chai ya maziwa muda mrefu.

"Michezo gani, mwanangu?"

"Mpira hasa, mzee."

"Basi sema wewe ni mwandishi wa mpira."

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Nilimuuliza mzee kama vijana wa hapo wanamjua Gidamis. Akasema wapo wanaomjua, wapo wanaolijua jina, na wapo wanaodhani ni jina la duka. Kisha akanieleza kitu ambacho sikukitegemea. Alisema hawasikitiki kwamba Dar haijui. Dar haijui mambo mengi. Kinachomsumbua ni kwamba mtoto mwenye mbio siku hizi akionekana shuleni anaambiwa aende winga, na akifika miaka 16 bila timu, amekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba mbio zenyewe zinaweza kuwa kazi, tena kwamba mtu wa hapa hapa alishaifanya. Nikakumbuka paa la maabara.

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichobaki. Gabriel Geay, kijana wa upande wetu wa Mbulu, alikimbia saa 2:03:00 Valencia mwaka 2022, na Aprili 2023 akawa wa pili Boston, siku ambayo Eliud Kipchoge mwenyewe alikuwa wa sita. Siku hiyo ukurasa wetu wa nyuma ulikuwa na nini? Nimeangalia. Mpira.

Sasa la gazetini. Niliporudi nilimwomba mhariri tuweke masahihisho. Hakukataa, ni mtu mwema. Niliandika mistari minne: kwamba katika makala yetu ya historia ya riadha ya Septemba 2025 tulimsahau Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982, Mtanzania pekee mwenye dhahabu mbili za michezo hiyo. Ikapangwa ukurasa wa 22. Saa tatu usiku likaingia tangazo la mtandao wa simu, robo ukurasa, mistari minne ikaondoka. Kesho yake haikupata nafasi, na keshokutwa winga mmoja wa timu ya Kariakoo alichanika msuli wa paja, nikatakiwa maneno mia sita.

Ndiyo maana nimeileta hapa. Mjomba nimemtumia kwa simu ya binamu, atasomewa. Na wewe msomaji, kama baba au mama yako alikuwa na redio Agosti 1978, muulize alisikia nini siku ile, na mtangazaji alikuwa nani. Halafu uniambie.